Mpaka Ndani ya Maji

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Si kwamba sijui. Ukikaa jirani na mtu miaka mingi utajua hata jina la bibi yake. Lakini katika miaka ile ya vita swali la "Wewe ni wa wapi?" liliulizwa kwenye vizuizi vya barabarani, na aliyeuliza alikuwa na bunduki. Nawakumbuka watu ambao jibu lao ndilo lililowamaliza. Nimelichukia swali hilo mpaka leo. Kwa hiyo nitamwita tulivyomwita sote pale Mweso, mji wetu mdogo wa milima ya Masisi: Prof.

Kwetu kila anayefundisha sekondari huitwa Prof. Alikuwapo Prof wa Kifaransa, Prof wa jiografia, Prof wa dini. Lakini ukisema Prof bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yule wa hesabu, mrefu, mwenye koti la kahawia lililopauka kwa chaki hadi viwikoni, anayetembea akitazama chini kama mtu aliyeangusha sindano.

Mimi nilikuwa na duka. Sisi watu wa Butembo hufungua duka popote gari linapoweza kufika, na mume wangu alikuwa na lori lililofika Mweso na Kitshanga, na mvua ikiruhusu, hadi Walikale. Niliuza sabuni, chumvi, mafuta ya kula katika chupa ndogo, vitenge, verni, yaani rangi ya kucha, na bidoni za manjano za kuchotea maji. Nyumba ya Prof ilikuwa nyuma ya duka langu, tumetenganishwa na uzio wa matete.

Siku moja alikuja kuomba makatoni ya sabuni. Nikadhani anataka kutandika chini, maana nyumba ile ilikuwa na unyevu. Baada ya wiki akarudi kuomba mengine. Nikamuuliza yale ya kwanza yamekwenda wapi, akanijibu kwamba yamejaa. Nilipompelekea mengine niliyaona yale ya kwanza: ameyakata, ameyafungua, na upande wa ndani usio na maandishi ameujaza namba na mishale. Mishale midogo, mingi sana, yote imelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo, kisha mahali fulani inajikunja na kuzunguka. Nasema kweli, nilidhani ni uchawi. Mimi ni Mkatoliki. Niliweka mzigo mlangoni nikarudi dukani haraka.

Ni yeye aliyekuja kunieleza, kwa sababu aliona nimeanza kumsalimia nikiwa mbali. Aliomba beseni, akalijaza maji, akaliweka juu ya meza ya duka. Akachukua vipande viwili vya makaa, vidogo kama punje za mtama, akaviweka majini vikiwa karibu kugusana. Kisha akakoroga polepole kwa vidole, mkono wa kushoto ukizungusha huku na wa kulia ukizungusha kule. Vile vipande vikakaa pamoja kidogo, halafu vikaachana. Kimoja kikaenda kuzunguka upande wangu, kingine upande wake, wala havikukutana tena.

"Mama, wewe unaona maji iko moja tu," aliniambia. "Haiko moja. Hapa katikati kuna mupaka."

Nilimuuliza nani aliyeuweka. Akasema hakuna mtu. Mwendo wa maji wenyewe ndio unaouweka. Akanieleza kwamba na bahari iko hivyo hivyo, ila kwa ukubwa usioweza kuuwaza. Kuna mito mikubwa inayotembea ndani ya bahari, na kuna mizunguko mipana kuliko Masisi nzima, ambayo inabeba maji yake miezi na miezi bila kuyachanganya na ya jirani, kama mama anavyobeba maji ndani ya mtungi. Ukitupa chupa mbili zikiachana hatua moja tu, lakini mpaka ukapita kati yake, baada ya mwaka moja itakuwa pwani ya bara hili na nyingine pwani ya bara lingine. Mpaka wenyewe huuoni kwa macho. Unautafuta kwa hesabu: unajiuliza kila tone la maji, likianzia hapa, kesho litakuwa wapi, na keshokutwa, na lile la jirani yake je. Kazi hiyo ndiyo aliyoisomea. Alianzia Kisangani, kisha akapata nafasi ng'ambo, katika mji ulio kando ya bahari. Alirudi nyumbani kumzika mama yake, na vita vikafunga barabara nyuma yake.

Kutoka siku ile nilimwekea makatoni bila kuombwa.

Mtu aliyejua maji kwa kiasi kile aliyaogopa kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Hakujua kuogelea. Alikaa miaka minne kando ya bahari na hakupata kuingia hata magotini, mwenyewe alikiri. Tulipovuka daraja alipita katikati kabisa, ameshika mkono wa shati la mtu aliye karibu, awe anamjua au hamjui. Lakini akishavuka tu, alisimama ukingoni akatazama maji yanavyopita kwenye nguzo, robo saa, nusu saa, mpaka watu wageni wakadhani ana mpango wa kujitupa. Mama mmoja wa Kitshanga aliwahi kumshika kiuno kwa nguvu akimwombea. Prof alimshukuru, akamwomba asogee kidogo kwa kuwa alikuwa amemzibia.

Alikuwa na hasira ya karibu. Mwanafunzi aliyetoa jibu sahihi bila kueleza amelipataje alitolewa nje, na aliyekosea lakini akaonyesha njia yake aliachwa akae. Wazazi hawakulielewa hilo. Kilichowaudhi zaidi ni kwamba Prof alipenda sana kusema "sijui." Alilisema mbele ya darasa, mbele ya padri, mbele ya mkuu wa shule, na alilisema uso uking'aa, kama mtu aliyeletewa chakula. Baba mmoja, mkulima wa maharage kutoka kilima cha pili, alifika shuleni kulalamika kwamba amemtoa mwanawe shambani ili afundishwe na mtu asiyejua. Prof alimkaribisha, akamuuliza mvua ya msimu ule itaanza siku gani. Yule baba akasema hajui. Prof akamuuliza, "Na bado unalima?" Yule baba alikaa hadi mwisho wa somo.

Jambo lingine alilolikataa lilikuwa kufananisha watu na maji. Kulikuwa na mhubiri aliyesikia habari za mishale yake, akasema kanisani kwamba sisi watu wa nchi ya vita ni kama matone, tunachukuliwa na mkondo. Prof alinuna wiki nzima. "Maji haina woga," aliniambia. "Haina mutoto mugongoni. Muntu anafika kwenye njia panda, anachagua, na ule uchaguzi unamubakia. Asituambie sisi ni maji."

Daftari alimonakilia mishale yake nusura limwue. Tulikuwa kwenye lori la mume wangu, tunatoka Kitshanga, tukasimamishwa kwenye kizuizi. Wenye silaha, sitasema wa upande gani, walishusha mizigo, wakafungua mfuko wa Prof, wakakuta ile mishale. Kijana aliyeliona alimwita mkubwa wake. Mkubwa alifungua ukurasa baada ya ukurasa, na uso wake ukazidi kukunjamana. Alitaka kujua mishale hiyo ni ya jeshi gani.

"Ni ya maji, Chef," alisema Prof.

"Maji ya wapi?"

"Ya bahari."

"Bahari iko wapi hapa Masisi?"

Nilijua tumekwisha. Walimpeleka nyuma ya kibanda. Sisi tulikaa kwenye majani chini ya jua, mume wangu akisali kimya, nami nikihesabu sala zake kwa kutazama midomo. Saa nzima ikapita. Kisha Prof akarudi na daftari mkononi, na yule mkubwa nyuma yake, akatuashiria tupakie.

Tulipokuwa mbali ndipo Prof alipotuambia. Alimweleza yule mtu mambo yote, kuanzia beseni. Yule mtu aliwafukuza vijana wake, akauliza swali moja kwa sauti ya chini. Mdogo wake alianguka kutoka kwenye mashua katika ziwa la Goma, miaka iliyopita, na hakuonekana tena. Alitaka kujua maji ya upande ule yangempeleka wapi.

Nilimuuliza Prof alijibu nini. Alisema, "Nilimuambia sijui. Ile ziwa hakuna aliyeipima vile." Nikamkaripia, mtu ana bunduki, si umpe jibu lolote apate amani? Prof alinitazama kama ambavyo huwatazama wanafunzi kabla ya kuwatoa nje. Yule mkubwa, alisema, alishukuru. Watu wengi walikuwa wamempa majibu.

Sasa nije kwenye ziwa, maana bila hilo mtu huyu angebaki kichekesho cha mtaa wetu tu.

Mapigano yalipofika Mweso tulikimbia, na wengi wetu tukaishia kando ya ziwa moja dogo, miongoni mwa yale maziwa ya upande wa Mokoto. Kambi ilikua kila siku. Vibanda vya majani na hema za plastiki vilifunika mteremko wote, na katikati yake ulipita mto mwembamba unaoingia ziwani. Vyoo vilichimbwa ovyo karibu na mto huo. Wanawake walichota maji kwenye ghuba pale chini, kwa sababu ndipo palipokuwa karibu. Wiki ya tatu kipindupindu kikaingia.

Kulikuwa na muuguzi mmoja, mwanamke mwembamba asiyelala, na dawa yake ya kutia majini haikutosha hata robo ya watu. Aliwaambia wachemshe. Lakini kuni zilikuwa zimekwisha vilima vyote vya karibu, na aliyekwenda mbali kutafuta kuni hakuwa na hakika ya kurudi.

Prof alikuwa akikaa juu ya jiwe kila asubuhi akitazama ziwa. Siku moja alinionyesha ukanda mwembamba wa povu na majani makavu uliolala juu ya maji, kutoka kwenye mwamba uliojitokeza hadi kwenye matete ya upande wa pili. Kila asubuhi ulikuwa palepale. Kisha akaniuliza nimebakiwa na chupa ngapi za mafuta zilizo tupu.

Nilikuwa nimekimbia na mfuko mmoja wa bidhaa, na chupa zilikuwa arobaini na kitu. Tulizitia mchanga mpaka zikaelea wima, shingo tu ikiwa nje, ili zisisukumwe na upepo bali zifuate maji. Verni yangu ya kucha tukaitumia kuzipaka: nyekundu kwa zile za mdomo wa mto, nyeupe kwa zile za ng'ambo ya mwamba. Mvuvi mmoja wa pale alikubali kuzipeleka kwa pirogi, mtumbwi wake mwembamba. Prof alikataa katakata kupanda. Alibaki ufukoni na filimbi. Mimi nilikaa kilimani na saa ya mume wangu, na kila Prof alipopuliza niliandika saa, rangi, na chupa iko wapi nikipima kwa miti tuliyoipa namba. Sikuwa nimeandika kitu zaidi ya majina ya bidhaa tangu nilipoacha shule mwaka wa pili wa sekondari.

Tulifanya hivyo siku sita. Chupa nyekundu zilizunguka ndani ya ghuba, zikakaribia ukanda wa povu, zikageuka, zikarudi. Hakuna hata moja iliyovuka. Nyeupe zilikwenda zake moja kwa moja kuelekea mahali maji ya ziwa yanapotokea kwenda nje. Uchafu wa mto ulikuwa ukizunguka ndani ya ghuba ileile tuliyokuwa tukiinywa. Prof alipanga chini makatoni machache niliyokimbia nayo, akatazama mishale aliyoichora kutokana na maandishi yangu, na nikamwona akifuta macho kwa koti.

Akasema kwamba kuanzia ng'ambo ya mwamba maji ni salama kuliko ya ghuba. Watu wachote huko.

Huko kulikuwa mwendo wa dakika ishirini zaidi, kupanda na kushuka. Wanawake walimwuliza kama yeye ndiye atakayebeba. Basi akabeba. Kesho yake asubuhi alichukua bidoni ya lita ishirini, akaifunga kamba, akaipitisha kamba kwenye paji la uso kama wanawake wa kwetu wanavyofanya, akapanda nayo mbele ya kambi nzima. Sijawahi kuona mwanamume mtu mzima akifanya hivyo. Walicheka mpaka wakashikana. Alianguka mara mbili, akarudi akajaza. Siku ya nne hawakucheka tena, na wa kwanza kumfuata alikuwa Mama Furaha, mkulima wa mihogo aliyekuwa na watoto wanne na mume asiyejulikana alipo. Baada yake wakaenda wengi. Muuguzi akaja kutuambia kwamba wagonjwa wapya wamepungua. Akasema pia tusiache kuchemsha kwa anayeweza, na Prof akamuunga mkono mbele ya watu.

Kisha mvua zikaanza mapema, na upepo wa kusini pamoja nazo. Mto ulijaa ukawa mwekundu. Siku mbili hatukuuona ukanda wa povu, na hakuna aliyejali, kwa kuwa tulikuwa tukishikilia hema zisiruke. Watu waliendelea kuchota ng'ambo ya mwamba kama walivyoambiwa. Siku ya tatu binti mdogo wa Mama Furaha aliugua, na kabla jua halijazama alikuwa amefariki.

Prof alielewa kabla ya sisi sote. Alipima maji wakati wa jua, na mpaka aliouona ulikuwa mpaka wa wakati wa jua. Mvua na upepo viliubomoa. Uchafu ukavuka.

Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu ambaye angejua. Watoto walikuwa wakifa kwa mambo mengi. Alikwenda kwenye kibanda cha Mama Furaha siku ya maziko, nami nikiwa nimekaa na mwenye msiba, akapiga magoti kwenye tope.

"Mama, mimi njo nilikosea," alisema. "Nilipima wakati mvua haikuwako, na sikuwaambia ni salama mpaka lini. Nilipaswa kuwaambia mpaka lini."

Mama Furaha hakulia wakati ule.

"Basi rudi ukapime," alisema. "Bengine bangali banakunywa ile maji."

Prof alitoka pale akaenda moja kwa moja ufukoni. Mvua ilikuwa bado inanyesha, mvuvi alisema mawimbi ni mabaya na kwa hali ile hawezi kupiga kasia na kutupa chupa peke yake. Nilipanda kilimani na saa ya mume wangu chini ya plastiki, nikamwona Prof akivua viatu. Aliingia kwenye pirogi kwa magoti, akakaa chini kabisa, akashika kingo zote mbili. Kutoka juu niliona amefumba macho. Walipofika mdomo wa mto aliyafumbua, akaachia ukingo mmoja, akatupa chupa ya kwanza. Na filimbi ikalia.

Tulipima siku ile, na iliyofuata, na kila siku tuliyokaa pale. Nilikata kitenge changu cheupe na kingine chekundu, tukavipandisha juu ya mti penye mwamba: cheupe, chota; chekundu, ngoja au panda hadi chemchemi ya mbali. Kila asubuhi Prof alipanda pirogi akiwa na hofu ileile. Haikupungua hata kidogo. Nilikuwa nikimwona akitapika nyuma ya matete kabla ya kuingia. Mama Furaha ndiye aliyebadilisha vitambaa. Aliomba mwenyewe kazi hiyo.

Tangu hapo Prof hakuwahi kumwambia mtu jambo bila kuongeza litadumu mpaka lini. Ukimuuliza kama barabara ni nzuri alikuambia ni nzuri mpaka mchana. Ilichosha, lakini tuliizoea.

Vita vikatutawanya tena. Kambi ile ilivunjika kwa siku moja. Mimi na mume wangu tukashuka hadi Goma, na nikasikia Prof amevuka kwenda upande wa Walikale na kundi la wanafunzi wake. Miezi kadhaa baadaye nilirudi Mweso kuangalia kama duka lina paa, na padri wa pale akanikabidhi bahasha iliyokuwa na stempu za kigeni na jina la Prof. Ilifika alipokuwa ameshaondoka. Nikaishona ndani ya kitenge, nikakimbia nayo mara tatu. Mwaka ukapita, na mwingine, na nusu.

Njia ilipofunguka, mume wangu alikwenda Buleusa, upande wa Walikale, kununua mchele na mafuta ya mawese, na nikakataa kubaki. Nilimkuta Prof kwenye shule ya mbao iliyoezekwa kwa plastiki. Kwanza sikuelewa kwa nini msichana mmoja ndiye anayeandika ubaoni huku yeye amesimama kando akizungumza. Aliponisikia nikimwita aligeuka, na nikaona macho yake. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, la kushoto kabisa, na la kulia likibakiwa na upande mdogo.

Hakunikumbatia, hakuwa mtu wa hivyo. Aliniuliza mume wangu hajambo, na lori, na kama Mama Furaha nimemwona. Nilimwambia Mama Furaha yuko Goma, analima bustani. Kisha nikafumua mshono mbele yake nikampa bahasha. Aliipapasa, akairudisha kwangu.

"Usome, Mama."

Nilisoma Kifaransa changu cha duka, naye akinisahihisha matamshi kila mstari. Ilitoka kwa profesa wake wa zamani wa kule kando ya bahari. Alisema nafasi ya Prof imepatikana tena, na kwamba gharama zote zimeshughulikiwa. Alitaja mwezi wa kufika. Mwezi huo ulikuwa umepita zaidi ya miaka miwili. Mwishoni aliuliza swali la kazi, mistari mingi, la jinsi ya kuujua mpaka ndani ya maji pale ambapo pepo zinabadilika.

Nikaikunja barua. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno fulani, kwa sababu sote tulikuwa na hakika juu ya jambo moja. Mweso yote ilisema Prof alibaki kwa mapenzi ya watoto wetu. Padri alilisema kwenye mahubiri, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelirudia mara nyingi kwa wateja. Nilitaka kumwambia kwamba hata ingefika mapema asingeondoka.

"Ningeenda," alisema.

Nikaiweka barua magotini.

"Ningeenda keshoyake, Mama. Kwa miguu mpaka Goma." Akanyoosha mkono, akaigusa barua. "Unajua ile swali yao ya mwisho? Mi niko na jibu yake."

Akaniomba karatasi na kalamu. Alimwambia yule msichana aendelee na darasa. Tukakaa kwenye benchi nje, mimi nikiandika, yeye akisema polepole ili nifuate. Nilidhani ataanza na salamu na pole na shukrani. Alisema niandike kwanza habari za ziwa, na kabla ya chupa na mishale niandike kwamba tulipima siku sita za jua, tukawaambia watu bila kuwaambia mpaka lini, na mtoto wa kike wa miaka mitatu akafa. Nilisimamisha kalamu. Nilimwuliza kama kweli anataka watu wa ng'ambo walisome hilo mwanzoni kabisa. Akasema wasipolisoma hilo kwanza, yote yanayofuata hayana maana.

Kisha ndipo akasema mengine: siku za mvua, jinsi ukanda wa povu ulivyosogea, saa ngapi baada ya upepo kugeuka, ulivyojijenga tena na mahali gani. Yote yalikuwa kichwani mwake. Tuliandika kurasa saba. Mume wangu alikuja mara mbili kutazama, akarudi kwenye lori.

Mwisho alichukua kalamu akatia jina lake mwenyewe, kwa kupapasa, herufi zikipanda juu ya karatasi. Akanirudishia.

"Sasa ya kwako."

Nikamwambia mimi ni mama wa duka, watu wale watacheka.

"Saa zote zile," alisema, "nani alikuwa anaziandika?"

Nikainama juu ya karatasi, nikaanza kuandika jina langu pembeni, chini kabisa, dogo. Aliusikia mkwaruzo wa kalamu ulivyokuwa mfupi. Akainamisha kichwa mpaka lile jicho la kulia likakaribia kugusa karatasi.

"Kubwa, Mama," alisema. "Nataka kuliona."

Nikalikata lile dogo, nikaandika lingine kubwa.